Tuifunike Ardhi ya Chini ya Mikarafuu



Asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika, mtu akisimama chini ya kilima chochote cha kisiwa chetu cha Pemba, ataona maji yanateremka katika njia za miguu, mekundu kama ngeu. Twayaruka, twainua nguo zisichafuke, kisha twaenda zetu. Ni wachache wetu wanaosimama wakajiuliza wekundu ule umetoka wapi. Umetoka shambani kwa mtu. Ni udongo wa juu, ule ule wenye rutuba, nao hautapanda tena kilima. Utatua bondeni kwenye mpunga wa jirani, na utakaopita hapo utaishia pwani kwenye mikoko.

Twataka kusema neno juu ya jambo hili, na huenda baadhi yenu lisiwapendeze, kwani linagusa kitu tulichokifanyia fahari tangu zamani za wazee wetu, nacho ni kulipalilia shamba la mikarafuu kwa jembe mpaka ardhi ing'ae. Sote tumelelewa hivyo. Shamba likiwa halina jani hata moja, mpita njia husimama akasema, "Huyu bwana ana shamba!" Na mwenye shamba akisikia hivyo hulala usingizi mzuri.

Lakini mvua haijui sifa za wapita njia. Tone la mvua likianguka juu ya ardhi tupu huivunja na kuirusha, na maji yakishaanza kuteremka huibeba. Shamba likiwa tambarare, hasara yake si kubwa. Vilima vyetu si tambarare. Nendeni mkaitazame mikarafuu mikongwe iliyopandwa kwenye miteremko mikali, mtaona mizizi yake imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Mizizi ile haikupanda juu. Ni udongo ulioshuka chini, kidogo kidogo, masika baada ya masika.

Tena mizizi midogo ya mkarafuu, ile inayoulisha mti, mingi yake iko karibu na uso wa ardhi. Jembe likiingia huikata. Wazee wetu waliiona miaka ya 1940 na 1950 jinsi mikarafuu mizima iliyojaa majani ilivyokuwa ikikauka ghafla kwa ugonjwa wa ukungu, mpaka wataalamu wakaletwa kuuchunguza. Hatusemi kwamba jembe ndilo lililoleta ugonjwa ule. Twasema tu kwamba hatuoni faida ya kuijeruhi, kila mwaka mara mbili, mizizi ya mti ambao ndio unaosomesha watoto wetu.

Wako na wenzetu wa upande wa pili, ambao hawapalilii kabisa. Mashamba yao yamekuwa mwitu, kifauongo kimetanda chini kwa miiba yake, na mavuno yakikaribia ndipo wanapotafuta watu wa kufyeka kwa haraka na kwa bei yoyote. Wachumaji huingia miguu mitupu wakatoka wamechanika. Hawa nao wana hoja yao, kwani kupalilia ni ghali, na bei ya karafuu ilipokuwa duni wengi waliona bora wauache mti ujitunze wenyewe. Basi tumekuwa na mashamba ya namna mbili, matupu na ya mwitu, nasi twadhani iko namna ya tatu.

Kuna mmea mmoja mdogo wa jamaa ya kunde na njugu, utambaao juu ya ardhi, wenye maua ya manjano. Wataalamu huuita Arachis pintoi. Ni ndugu wa njugu nyasa tunazokula, na katika ukurasa huu tutauita njugu ya maua. Kwao ni Brazil. Mtaalamu wa huko aliyeitwa Geraldo Pinto aliuokota mwaka 1954 katika jimbo la Bahia, karibu na mlango wa mto Jequitinhonha, na ulipopewa jina rasmi la kitaalamu mwaka 1994, jina lake ndilo lililotumika. Kutoka hapo umesafiri sana. Australia walianza kuwagawia wakulima wao mbegu zake mwaka 1987, kwa malisho na kwa kufunika ardhi. Colombia na Costa Rica huupanda chini ya kahawa, na Hawaii huupanda bustanini mahali pa majani ya kawaida, na chini ya miti ya matunda vile vile.

Sisi tulianza nao nyuma ya nyumba, si shambani. Palikuwa na kipande cha mteremko baina ya jiko na kisima ambapo kila mvua ilichimba mfereji mpya, na watu wa nyumbani walikuwa wamechoka kufagia matope. Tuliupanda pale kwa ajili ya kuzuia matope tu. Mwaka wa kwanza hatukuona cha kujisifia. Mwaka wa pili mteremko ule ukawa kijani kitupu, kimo chake kama cha kifundo cha mguu au zaidi kidogo, na asubuhi umetapakaa maua ya manjano. Mfereji ukaziba. Maji ya kisimani hayakuingiwa tena na wekundu wakati wa masika. Ndipo tukaanza kutazama kilima cha mikarafuu kwa jicho jingine.

Hapa lazima tuwaonye, maana sisi wenyewe tuliumia. Ilipofika wakati wa kupanda shambani tulihitaji vipande vingi, nasi tukanunua kwa mtu mmoja ambaye hatutamtaja, aliyetuapia kuwa anacho kitu kile kile. Tulipanda kwa furaha. Masika hayajesha mmea ule ukawa umepanda juu ya miche yetu ya mikarafuu, umeizonga na kuilaza, na maua yake yalipotoka yalikuwa ya zambarau. Ulikuwa ni mmea mwingine kabisa, wa jamaa hiyo hiyo ya kunde lakini wenye kuparamia, sawa na upupu unavyoparamia, ila huu ulikuwa hauwashi. Tulipoteza miche kumi na moja, na kazi ya kuung'oa hatutaisahau.

Basi shikeni alama hii, ni nyepesi hata kwa mtoto. Jani la njugu ya maua lina vijani vinne kwenye kikonyo kimoja, viwili viwili, kama jani la njugu nyasa za kula. Mimea mingi ya kunde yenye kuparamia ina vijani vitatu. Mtu akikuletea chenye vijani vitatu, mshukuru na umrudishie. Njugu ya maua hutambaa tu, haina kamba ya kujizongea juu ya mti.

Faida yake ya kwanza ni hiyo ya kufunika. Mvua hupiga majani badala ya kupiga udongo, na mashina yake hushika ardhi kwa mizizi kila pingili inapogusa chini. Faida ya pili imo chini ya ardhi. Kama kunde, choroko na njugu zote, mizizi yake huota vifundo vidogo, na ndani yake wamo vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuugawia mmea, nao majani yakianguka na kuoza huirudisha ardhini. Anayetaka kuhakikisha na ang'oe mche mmoja, akipasue kifundo kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado au kimekwisha. Faida ya tatu wenye ng'ombe na mbuzi wataigundua wenyewe bila ya kuambiwa na sisi, na pengine ng'ombe wa jirani ataigundua kabla yao.

Hatutaki kuusifu kupita kiasi, kama wauza dawa sokoni. Udongo uliokwisha haufufuki kwa mwaka mmoja. Ndago haiuawi na mmea huu, na aliye na ndago na aimalize kwanza ndipo apande, la sivyo atapata mchanganyiko wa vyote viwili. Ukishakaa mahali ni kazi kuutoa, kwa kuwa hutia mbegu zake chini ya ardhi kama njugu nyasa zifanyavyo, kwa hivyo usipandwe ukingoni mwa bonde la mpunga. Na palipo na mikarafuu mikubwa iliyoshikana, kivuli kizito, na majani makavu yametanda chini kama jamvi, hapo pana kifuniko tayari. Paacheni. Kazi yake ni miteremko iliyo wazi, nafasi zilizobaki mahali pa miti iliyokufa, na mashamba mapya yaliyopandwa miche.

Kuupanda si ufundi. Hukatwa vipande vya shina kama tunavyokata vya viazi vitamu, urefu wa kiganja pamoja na vidole, viwe na pingili tatu au nne. Huzikwa zaidi ya nusu yake, umbali wa futi moja baina ya kipande na kipande, na kwenye mteremko safu zipite kuukingama mlima, wala zisiteremke nao. Wakati wake ni mvua za masika zikisha kushika vizuri. Vuli inafaa, lakini vuli ikiwa fupi kaskazi hukikuta kipande bado hakijashika, na jua la Januari na Februari halina huruma. Miezi ya kwanza lazima ung'olee magugu kwa mkono, na hapa ndipo wengi watakapokata tamaa, maana mmea huu ni mvivu wa kuanza. Hesabuni miezi sita mahali pazuri, na mwaka mzima mahali pagumu, kabla haujafunga. Asiye na subira ya mwaka mmoja tunamshauri asianze.

Jambo moja tulisahau sisi, nanyi msilisahau. Msiufikishe kwenye shina la mche wa mkarafuu. Uacheni duara wa futi tatu kila upande, mkauwekea matandazo ya majani makavu. Mche mchanga hauna mizizi ya kugombania maji wakati wa kiangazi, na njugu ya maua, pamoja na uzuri wake wote, nayo inakunywa.

Sasa tuje kwenye maneno tuliyoyasikia tulipolizungumza jambo hili na wenzetu barazani. La kwanza ni la wachumaji. Wamesema karafuu zikidondoka zitapotea ndani ya majani, na waokotaji, ambao aghlabu ni kina mama na watoto, watanyimwa riziki yao. Hoja hii ni ya haki. Jibu letu ni kwamba wiki moja au mbili kabla ya kuchuma mmea hukatwa chini kwa panga au mundu, hauumii, na chini ya kila mti unaochumwa hutandikwa majamvi au maturubai. Si kazi kubwa kuliko kufyeka mwitu. Lakini tusidanganyane, kuokota kwenye ardhi tupu ni kwepesi zaidi, na mwenye shamba asiyetaka kununua maturubai asije akawalaumu waokotaji.

La pili ni la nyoka. Nyoka hukaa penye maficho, na mwitu wa sasa una maficho zaidi ya mmea wa kimo cha kifundo cha mguu. Hata hivyo anayeuacha ukue bila ya kuukata na asishangae. Kuhusu panya, ni kweli wanazipenda mbegu zake, kwani ni njugu. Usiupande ukutani kwa ghala la mpunga.

Neno la tatu ndilo lililotunyima usingizi. Bibi mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka pakacha lake chini, akasema, "Wanangu, nimesikia. Mnataka chini ya mikarafuu pawe na maua. Na muhogo wangu mtautia wapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Sote twajua desturi ya visiwa hivi kwamba mti una mwenyewe, na ardhi iliyo chini ya mti huombwa. Mtu asiye na shamba humwendea mwenye mikarafuu akaomba konde, akapanda muhogo, viazi au njugu, na kwa kulima kwake humpalilia mwenye mti bila ya malipo. Desturi hii ilikuwako kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na ugawaji wa eka tatu tatu uliofuata haukuiondoa, kwa sababu watoto wamezidi na eka hazikuzidi. Nyumba nyingi za jirani zetu zinakula kutokana na makonde hayo. Wenye mikarafuu wakiamua kila mmoja kufunika ardhi yake kwa mmea usiolika, watakuwa wamewafukuza watu bila ya kutamka neno la kufukuza.

Na tunasema wazi, maana twawajua watu wetu. Yuko mwanachama ambaye kwa muda mrefu anatafuta sababu ya kumtoa jirani kwenye konde, na aibu ndiyo inayomzuia. Huyo atalisoma jarida hili na kusema Chama kimeagiza kufunika ardhi. Chama hakikuagiza. Maoni haya ni yetu sisi tunaoandika, nasi hatukubali yatumiwe kwa kazi hiyo. Palipo na konde la mtu, njugu ya maua isiingie ila kwa ridhaa yake. Muhogo ule unalisha watu, na mapatano yaliyofanywa kwa salamu na heshima hayavunjwi kwa maua.

Lakini bibi yetu naye tulimrudia baada ya siku chache, tukamwambia nasi la kwetu. Muhogo unapong'olewa kwenye mteremko huiacha ardhi imechimbuka yote, na mvua inayofuata huichukua. Konde lake la zamani, lile la juu ya kilima, aliliacha kwa kuwa lilikuwa limechoka, na yeye mwenyewe alituambia kwamba muhogo wa pale siku hizi huwa kama vidole. Tukapatana hivi. Kila baada ya safu chache za muhogo apande ukanda mmoja wa njugu ya maua, upana wa hatua mbili, kuukingama mlima, ili udongo utokao juu ukwame hapo. Na lile konde lililochoka lifunikwe lote, lipumzike miaka mitatu, kisha alirudie. Yeye ndiye aliyeongeza sharti la mwisho, kwamba ahadi ya kulirudia iwekwe mbele ya mashahidi. Ikawekwa.

Tunalitaja sharti hilo kwa sababu lilitufunza kitu. Mtu hapandi leo kwa faida ya miaka mitatu ijayo kama hana hakika kuwa atakuwako hapo. Ndiyo maana tuna mashaka na mashamba yanayokodishwa kwa msimu mmoja. Aliyekodi mikarafuu kwa mavuno ya mwaka huu ataitunza ardhi kwa ajili ya nani? Atachuma, atavunja matawi akiwa na haraka, ataondoka. Hatumlaumu, angekuwa mjinga kufanya vinginevyo. Wanaokodisha ndio wanaopaswa kulifikiria, na tungependa Chama chetu kilipeleke neno hili kwa wahusika, kwamba ukodishaji uwe wa miaka kadhaa na uwe na sharti la kuutunza mteremko. Hilo ni jambo la mkutano, na tutalileta mkutanoni.

Wanaotaka kujaribu tunawasihi waanze kwa kidogo, nyuma ya nyumba au kwenye kipande kimoja cha mteremko ambacho hakina konde la mtu, wakione kwa macho yao masika mawili kabla ya kuingia shambani. Wasiagize vipande kutoka nje ya kisiwa kwa njia za panya, vikiwa na udongo kwenye mizizi. Minyoo ya mizizi na magonjwa husafiri katika udongo huo, nasi ni watu wa mti mmoja. Kinachotoka nje kipite kwa maafisa wa karantini ya mimea bandarini, hata kama ni kikapu kimoja.

Sisi tunavyo vipande vya kutosha wanachama ishirini au zaidi kwa kuanzia, navyo havina bei. Mvua za masika zikishika, kila Jumamosi asubuhi tutakuwa tunakata. Mje na gunia lililoloweshwa maji ili vipande visinyauke njiani, na mwenye mtu analima chini ya mikarafuu yake, tafadhali aje naye.